Mwongozo kwa daktari wa dharura aliyeanza kuikinai kazi

Daktari wa wodini humpokea mgonjwa akiwa hoi na humwona akiondoka kwa miguu yake. Daktari wa dharura humwona akiwa hoi tu. Anamrudishia pumzi, anamtuliza, anamsukuma kwenda chumba cha upasuaji au ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), na kabla kitanda hakijapoa amelazwa mwingine. Mwisho wa kisa haujui. Miisho inayomrudia ni ile mibaya: ndugu aliyekuja kulalamika, barua ya kutakiwa kujieleza, kikao cha kujadili kifo. Akikaa hivyo miaka 3 au 4 huanza kuamini kwamba kila anayemgusa hufa, au kwamba akiwepo asiwepo ni mamoja.

Mwongozo huu ni wa daktari aliyefika hapo au anayejiona anaelekea huko. Ni pia wa mkuu wa idara anayemwona mwenzake akibadilika. Tumeulenga kwenye hospitali za rufaa na za mikoa za Tanzania, ambako fani yenyewe bado changa: idara kamili ya magonjwa ya dharura Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa katika chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) yakaanza mwaka huohuo. Mabingwa ni wachache, kwa hiyo mtu yuleyule hutibu, hufundisha, hupanga zamu na huandika maombi ya vifaa.

Hatua ya 1: Jua kilichochoka ni nini

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu huu wa kazi (burnout) kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Limeutaja kwa sura tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona huna unachofanikisha. Mgawanyo huo umetokana na kazi ya mwanasaikolojia Christina Maslach, ambaye yeye na Susan Jackson walitoa dodoso la maswali 22 mwaka 1981. Wengi wetu hujumlisha yote matatu katika neno moja, "nimechoka", kisha tunaomba likizo. Likizo hutibu sura ya kwanza tu. Ndiyo maana mtu hurudi kutoka mapumziko ya siku 28 na Jumatano ya kwanza yuko palepale.

Chukua daftari dogo la mfukoni. Kwa zamu 10 mfululizo, kabla hujavua koti, andika tarakimu tatu, kila moja kati ya 0 na 6:

- Nimeishiwa nguvu kiasi gani?
- Leo nimemwona mgonjwa kama kero kiasi gani? Dalili ya kuaminika ni ulimi wako. Ukijisikia unasema "yule boda wa kitanda cha 4" au "hao wa sumu tena", andika tarakimu kubwa.
- Kuna lililokwenda vizuri kwa sababu nilikuwepo mimi? Hapa tarakimu kubwa ndiyo njema.

Inakula nusu dakika. Usijaze nyumbani, baada ya kuoga na kula, kumbukumbu hujipamba.

Zamu 10 zikiisha, tazama mwenendo. Tarakimu ya kwanza ikishuka baada ya siku 2 za mapumziko, tatizo kubwa ni ratiba na usingizi: nenda hatua ya 2. Ya pili ikibaki juu hata ukiwa umelala vizuri, tafuta kero za kila siku na mizigo ya dhamiri: hatua ya 3 na ya 6. Ya tatu ikiwa chini peke yake, huku nguvu unazo na wagonjwa hawakuudhi, umepoteza maana ya kazi tu, na hatua ya 5 ndiyo yako. Wengi wana mchanganyiko. Hata hivyo anza na usingizi, kwa sababu asiyelala hawezi kupima lolote kwa haki.

Kabla hujailaumu kazi, jipime kama ambavyo ungempima mgonjwa: damu, sukari, thairoidi. Jaza PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ambalo lipo kwa Kiswahili. Alama zake ni 0 hadi 27, na ukifika 10 au zaidi kamwone mtu wa afya ya akili. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama jumla yako ni ndogo. Kipimo cha haraka cha kutofautisha ni hiki: uchovu wa kazi hulegea ukiwa mbali na kazi, lakini sonona hukufuata mpaka harusini.

Hatua ya 2: Usingizi na ratiba

Majaribio ya wepesi wa akili na mwili yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Piga hesabu. Ukiamka saa 1 asubuhi, ukashinda kwenye shughuli zako, ukaingia zamu saa 2 usiku, basi saa 6 za usiku umeshafika hapo. Zamu bado ina saa 8, na wagonjwa wa ajali za pikipiki za wikiendi wanaendelea kuingia.

Kwa hiyo:

1. Siku ya usiku wa kwanza, lala dakika 90 alasiri, kati ya saa 9 na saa 10 na nusu. Usingizi usipokuja, baki umelala gizani bila simu.
2. Kunywa kahawa mwanzoni mwa zamu, si mwishoni. Baada ya muda wa saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini. Kama utalala saa 3 asubuhi, kikombe cha mwisho kisivuke saa 8 za usiku.
3. Pumzika dakika 20 kati ya saa 8 na saa 11 za usiku, mkipokezana. Mwenzako ajue uko chumba gani, na simu ya zamu abaki nayo yeye. Ukizidisha nusu saa utaamka na ukungu kichwani, na ukiitwa kwa mtoto anayedegedega utakosea hesabu ya dozi.
4. Asubuhi usiendeshe gari wala pikipiki yako. Panda daladala au upakiwe.

Kwa mpangaji wa zamu: zungusha kwenda mbele, asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, kwa sababu mwili hukubali kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Usiku usizidi 3 mfululizo. Kati ya zamu na zamu ziwepo saa 11 angalau. Ratiba itoke wiki 4 kabla. Hili la mwisho halina gharama, na ndilo linaloleta manung'uniko mengi: mtu asiyejua Jumamosi ijayo yuko wapi hawezi kuahidi chochote nyumbani.

Sasa lile lisilosemwa vikaoni. Ratiba ya hospitali inaweza kuwa safi, lakini daktari ana kibarua hospitali binafsi jioni 3 kwa wiki, maana kodi na ada za shule haziangalii ubingwa. Hatusemi aache. Tunasema aandike saa zote za sehemu zote mbili kwenye karatasi moja. Wengi hukuta wamevuka saa 70 bila kujua. Ukikuta hivyo, kibarua cha kwanza kuondoka ni kile kinachofuata au kutangulia zamu ya usiku.

Hatua ya 3: Kokoto kiatuni

Mambo makubwa yanayokosekana idarani mnayazoea. Yanayoikausha roho ni madogo yanayojirudia: laringoskopu (kifaa cha kuangalia koo unapoingiza mpira wa kupumulia) yenye betri iliyokufa, spana ya mtungi wa oksijeni isiyojulikana iliko, sampuli zinazorudishwa na maabara kwa sababu fomu haina muhuri, maelezo yaleyale unayoyaandika mara tatu, kwenye faili, kwenye rejista na kwenye kompyuta.

Bandika karatasi kubwa ukutani karibu na birika la chai. Kwa siku 7 kila mmoja, muuguzi na mhudumu wakiwemo, aandike kilichompotezea muda, dakika ngapi, na zamu gani. Jina la mtu lisitajwe. Siku ya 8 tenga makundi matatu: tunaloweza sisi wenyewe wiki hii, linalohitaji sahihi ya mkuu wa idara, na lililo juu ya hospitali. Chagua moja tu kutoka kundi la kwanza, mpe mtu mmoja, na limalizwe ndani ya siku 14. Spana ifungwe kwa mnyororo kwenye toroli. Kila Jumatatu zamu ya asubuhi ibadilishe betri, na aliyebadilisha aweke sahihi.

Kinachoharibu zoezi hili ni kuanza na la kundi la tatu. Mtaandika barua kuhusu upungufu wa watumishi, haitajibiwa, na karatasi ukutani itakuwa kero nyingine. Kosa la pili ni kutorudi kusema limefanyika. Futa kwa kalamu nyekundu mbele ya watu.

Hatua ya 4: Dakika 5 baada ya tukio zito

Mgonjwa amefia mezani. Kinachotokea kwa kawaida: glavu zinavuliwa, kila mtu anatawanyika, daktari anaenda kwa ndugu akiwa na damu kwenye viatu. Badilisha mambo matatu.

Kimya. Muuguzi Jonathan Bartels wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alianzisha desturi ya timu kusimama kidogo baada ya kifo, na imesambaa kwa sababu ni fupi. Aliyeongoza ufufuaji aseme: "Naomba tusimame kidogo. Huyu alikuwa mtoto wa watu, alipendwa, na sisi tumefanya tulichoweza. Tunyamaze." Sekunde 30 hadi 45. Usiongeze dua ya sauti. Katika timu ya Waislamu na Wakristo, kimya humpa kila mmoja nafasi ya dua yake.

Ndugu. Badilisha koti, futa viatu, nenda na muuguzi, kaa chini. Uliza kwanza: "Mama, mpaka sasa umeambiwa nini?" Kisha sema, "Nina habari mbaya", hesabu moja, mbili, tatu, na useme "amefariki". "Hali imebadilika" huacha mlango wazi. Tumeona ndugu akiuliza atapelekwa lini ICU. Baada ya hapo nyamaza. Kilio kikianza usikikatize kwa maelezo ya dawa ulizotoa. Daktari hueleza dawa ili kujitetea, na mfiwa hasikii neno hata moja. Hatua hii tunaiweka kwenye mwongozo wa uchovu kwa sababu habari iliyotolewa vibaya hukaa na aliyeitoa kwa miaka.

Mazungumzo ya timu. Edinburgh, Uskoti, wanatumia utaratibu wa dakika 5 unaoitwa STOP5, nao unafaa hapa bila marekebisho makubwa: fupisha kilichotokea, taja yaliyokwenda vizuri, taja ya kuboresha, kisha nani atafanya nini. Wakiwa wamesimama, palepale chumbani, kabla ya saa 1 kupita. Anza kwa kuuliza kama kila mtu yuko sawa kuendelea na zamu. Anayetaka kuondoka aondoke bila kuulizwa sababu. Anza na mdogo kwa cheo: mhudumu aliyekandamiza kifua ataona lile ambalo bingwa hakuliona, lakini bingwa akishasema, hatasema.

Mazungumzo haya huvunjika yakigeuka kuwa kesi. Mara tu anapoulizwa mtu "kwa nini ulichelewa na adrenalini?", wengine wote hufunga midomo, na zamu inayofuata hawaji. Makosa yanayohitaji uchunguzi yapelekwe kwenye kikao chake. Vilevile usiwalazimishe watu kusimulia hisia zao kwa saa nzima siku ya tukio. Kikao kimoja cha lazima cha namna hiyo kimechunguzwa, na hakizuii majeraha ya akili ya baadaye. Kinachosaidia ni mwenzako kukupigia siku ya 3: "Umelala?"

Hatua ya 5: Daftari la miisho

Hapa ndipo tungekaa kama tungeruhusiwa hatua moja tu. Daktari wa dharura anahukumu kazi yake kwa sampuli mbovu, kwa sababu wagonjwa waliopona hawarudi kumwambia. Huwezi kuirudisha maana kwa kujihimiza. Lete sampuli iliyo sawa.

Nunua daftari la kurasa 96. Chora safu 6: tarehe, herufi za mwanzo za jina na tarakimu 3 za mwisho za faili, nilidhani ni nini, nilifanya nini, siku ya 3, siku ya 30. Daftari lifungiwe kabatini idarani, lisiende nyumbani, na usipige picha faili kwa simu yako.

Kila zamu chagua wagonjwa 2 kabla hujajua hatima yao. Wa kwanza ni mgonjwa wako wa kwanza wa rangi nyekundu, yaani aliyepangwa mlangoni kuwa wa kutibiwa papo hapo. Wa pili ni mgonjwa wa tatu wa rangi ya njano, yaani wa haraka lakini anayeweza kusubiri kidogo, awe nani awe vipi. Kanuni hii isiyojali hisia zako ndiyo uti wa mgongo wa zoezi. Ukiachia moyo uchague, utafuatilia wale tu uliowahofia, na baada ya miezi 2 utakuwa na rejista ya mochwari. Kwa zamu 15 za mwezi unapata watu 30.

Siku ya 3 piga simu wodini, mchana, baada ya raundi ya madaktari:

"Habari za kazi, sista. Naongea kutoka Dharura. Jumatatu tuliwaletea kijana wa ajali, faili linaishia 417, jeraha la kichwa. Anaendeleaje?"

"Huyo? Jana ametembea hadi chooni. Leo kagoma uji, anataka chipsi."

Andika hivyo hivyo, pamoja na chipsi. Ukiandika "hali yake nzuri", baada ya wiki 2 sentensi hiyo haitakuambia chochote. Siku ya 30 angalia kwenye mfumo wa hospitali au kliniki ya marudio. Asiyepatikana andika "hajulikani". Usimhesabu na waliokufa wala waliopona.

Mwisho wa mwezi kaa dakika 20 na kikombe cha chai. Hesabu: walioruhusiwa wangapi, waliofariki wangapi, utambuzi wako ulithibitishwa mara ngapi. Hili la tatu ni faida ya ziada, na kwa kweli litakufundisha kuliko semina nyingi, maana utagundua kwa mfano kwamba unayemwita "malaria kali" wodini wanamkuta na nimonia. Kuna mwezi daftari litakuuma. Ukikuta kifo ambacho uamuzi wako huenda ulichangia, usikibebe peke yako. Kipeleke kwenye kikao cha kujadili vifo au kwa bingwa mwenzako ndani ya wiki hiyo.

Idara nzima ikitaka kushiriki, kila Ijumaa kwenye kikao cha asubuhi mtu mmoja asome miisho 3 kwa dakika 4, bila jina la mgonjwa. Wauguzi na waliopokea mlangoni wawepo. Mara nyingi aliyemtambua mgonjwa wa rangi nyekundu alikuwa muuguzi wa upangaji, na hajawahi kuambiwa.

Baada ya miezi 3 daftari litakuonyesha pia ni wagonjwa gani wanaokufurahisha: watoto, sumu, majeraha, au kuwafundisha walio mafunzoni. Mwaka 2009 Tait Shanafelt na wenzake walichapisha utafiti wa madaktari wa hospitali ya chuo Marekani. Waliotumia angalau asilimia 20 ya muda wao kwenye kazi waliyoiona ina maana zaidi walikuwa na uchovu wa kazi kwa asilimia 29.9, walio chini ya hapo, asilimia 53.8. Ni kipimo cha wakati mmoja, hakithibitishi kipi kilisababisha kipi, lakini kinakupa kiasi cha kuomba. Kwa wiki ya saa 48, asilimia 20 ni saa 9 na nusu hivi, yaani karibu zamu moja. Nenda kwa mkuu wako na karatasi moja: unataka kufanya nini, siku gani, nani anaziba pengo, idara inapata nini. Ukienda mikono mitupu ukisema unahitaji mabadiliko, utapewa pole.

Hatua ya 6: Mzigo wa dhamiri

Kujua lililo sahihi na kuzuiwa kulifanya ni jeraha la aina yake. Mwanafalsafa Andrew Jameton aliliandikia mwaka 1984 akizungumzia wauguzi. Mashine ya kupumulia ni moja na wanaoihitaji ni wawili. Ukimaliza zamu kama hiyo, andika mistari mitatu: nilijua nini, nilifanya nini, nini kilizuia. Mstari wa tatu usiwe na neno "mimi" kama sababu haikuwa wewe. Kila mwezi kusanyeni mistari ya tatu na kuipeleka kwa uongozi ikiwa na idadi: "mara 6 mgonjwa alisubiri kitanda cha ICU zaidi ya saa 12". Idadi hufika mezani, masikitiko hayafiki.

Kuhusu kumlipia mgonjwa dawa kwa pesa yako: kila mtu hufanya, na huchosha kwa namna isiyoonekana, kwa sababu yule usiyemlipia unajiona umemkataa. Mpigie afisa ustawi wa jamii kwanza, mapema, kabla hajaondoka ofisini. Kisha wekeni kikapu cha idara, kila mtu kiasi kilekile kila mwezi, na mtunza hazina abadilike kila miezi 3. Kikiisha, kimeisha.

Hatua ya 7: Kujua wakati wa kutoka

Toka kwenye ratiba ukiona lolote kati ya haya: umekosea dozi mara 2 ndani ya mwezi, umemfokea au kumsukuma mgonjwa, unahitaji pombe au vidonge ili ulale, umewahi kuigusa dawa ya stoo kwa ajili yako mwenyewe, au unawaza kufa. Kwa hili la mwisho usisubiri kesho wala usikae peke yako. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke. Mweleze mkuu wako kwa sentensi moja: "Siko salama kutibu wiki hii, naomba kuondolewa kwenye zamu." Historia yako yote hakudai, hiyo ni ya daktari wako, ambaye asiwe wa idara yako.

Mkuu wa idara asiseme "jikaze". Aulize nani atakuwa nyumbani na mwenzake usiku huo, aandike likizo ya ugonjwa, na mwenyewe awaambie wengine kwamba fulani anaumwa, basi.

Kurudi ni kwa ngazi. Wiki ya 1 na ya 2, nusu ya zamu, za mchana tu, daima na daktari mwingine. Wiki ya 3 na ya 4, zamu kamili za mchana. Usiku mmoja mmoja kuanzia wiki ya 5. Daftari la miisho lianze tena wiki ya 2, lakini mgonjwa mmoja kwa zamu, wa rangi ya njano.